Filamu au tamthilia, manukuu ya Kiswahili au ya Kiingereza: kipi kitakufunza Kimombo kweli?

Wapo watu waliotazama filamu za Kiingereza miaka kumi, wanawajua waigizaji wote kwa majina, na bado mgeni akiwauliza njia kwa Kiingereza wanabaki kimya. Wapo pia walioanza mwaka jana tu na leo wanazungumza bila kusitasita. Wengi hudhani tofauti ni kipaji. Nimeishi pande zote mbili, na naamini tofauti kubwa iko kwenye kile wanachochagua kutazama na namna wanavyokitazama.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa katika kundi la kwanza. Hadithi nilizifuata vizuri, nikasikitika na waliofiwa na kufurahi na waliooana. Kisha siku moja nikapigiwa simu na mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa. Hapakuwa na picha wala maandishi. Nilidaka jina langu na neno moja moja hapa na pale, basi. Siku ile nilitambua kwamba miaka yote macho yangu yalikuwa yakisoma huku masikio yamelala.

Kwa hiyo hapa nitaziweka njia mbili mbili, na kila mahali nitasema ninayoipendelea na sababu yake. Ukiwa na hali tofauti na yangu, sababu hizo zitakusaidia kuchagua kinyume changu bila wasiwasi.

Filamu moja ndefu au tamthilia ya sehemu nyingi

Filamu ya kawaida huchukua dakika 90 hadi 120. Robo saa ya kwanza masikio yanazoea sauti tu: huyu anameza maneno, yule anazungumzia puani, mzee anakoroma badala ya kusema. Unapoanza kuwazoea, hadithi inakwisha, na kesho unaanza upya na watu wengine. Zaidi ya hapo, filamu nyingi kubwa hazina mazungumzo mengi. Kuna muziki, magari yanakimbizana, mtu anatazama bahari dakika mbili nzima. Sinema nzuri, lakini masomo ni kidogo.

Tamthilia inakupa watu walewale wiki baada ya wiki. Sehemu moja ya vichekesho vya televisheni ya Marekani, ukitoa matangazo, ni kama dakika 22, na ya hadithi nzito ni dakika 40 hadi saa moja. Mwaka 2011 watafiti Michael Rodgers na Stuart Webb walilinganisha sehemu za tamthilia moja na vipindi visivyohusiana, wakaona kwamba sehemu za tamthilia moja zina maneno tofauti machache zaidi, kwa sababu yaleyale hurudi tena na tena. Ukiwa mwanafunzi, kurudi huko ndiko unakokutafuta. Chukua tamthilia ya hospitali. Sehemu ya kwanza unasikia "discharge" na hulijui. Sehemu ya pili mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani na neno hilo linatajwa. Sehemu ya tatu daktari anakagua kidonda na kusema "discharge" tena, safari hii akimaanisha usaha. Kufikia sehemu ya sita una maana mbili za neno moja kichwani na hukufungua kamusi.

Filamu ina nafasi yake pale unapokusudia kuitazama mara nyingi, au unapoijua hadithi tangu zamani. Ukijua tayari nani atakufa na nani atarudi, akili haihangaiki kufuata mkasa na inapata nafasi ya kusikiliza maneno. Lakini ukiniuliza nianze na kipi, nitakujibu tamthilia bila kufikiri mara mbili.

Maneno mangapi yanahitajika

Webb na Rodgers hao hao, mwaka 2009, walipima msamiati wa filamu 318 na vipindi vya televisheni 88. Walihesabu kwa familia za maneno, yaani "teach", "teaches" na "teaching" ni familia moja. Kwa pande zote mbili, anayejua familia 3,000 zinazotumika zaidi, pamoja na majina ya watu na mahali, anayafahamu takriban asilimia 95 ya maneno yanayosemwa. Kufika asilimia 98 kunahitaji kama 6,000 kwa filamu na 7,000 kwa televisheni.

Asilimia 95 inasikika kubwa. Ihesabu: katika kila maneno 20, moja hulijui. Mtu akizungumza maneno 150 kwa dakika, saba au manane yanakupita kila dakika, na mara nyingi ndiyo yenye uzito. Bado unaweza kufuata kwa msaada wa picha, na ndiyo maana 3,000 ni kizingiti kizuri cha kuanza kufaidi.

Mwenye maneno mia chache atateseka bure na tamthilia za watu wazima. Huyo atafute vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Sauti ya Amerika ilianzisha utangazaji wa namna hiyo mwaka 1959: msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na msomaji anakwenda theluthi mbili ya kasi ya kawaida. BBC nayo imekuwa ikifundisha Kiingereza hewani tangu miaka ya 1940. Miezi michache ya vipindi kama hivyo itakuokoa na mwaka wa kukata tamaa.

Aina ya kipindi

Katuni za watoto dhidi ya filamu za makala. Wengi huambiwa waanze na katuni kwa sababu maneno ni rahisi. Maneno ni rahisi kweli, lakini sauti zake mara nyingi zimebanwa au kuchezewa: sungura mwenye sauti nyembamba, dubu anayenguruma. Kwa sikio changa la mtu mzima hiyo ni kazi ngumu. Mimi humpa anayeanza filamu ya makala ya wanyama au mito. Msimulizi ni mmoja, anasema taratibu, anapumzika, na picha inafuata maneno yake: anaposema "claw" unaona ukucha, anaposema "burrow" unaona shimo na mnyama anaingia. Upungufu wake ni kwamba hakuna anayemjibu mwenzake, kwa hiyo hutajifunza kuzungumza.

Vichekesho vya familia dhidi ya hadithi za kipelelezi. Hapa vichekesho vya familia vinashinda kwa mbali, kwa sababu mazungumzo yake ndiyo utakayoyatumia: kuomba, kukataa, kulaumu, kusingizia, kusuluhisha. Utani mwingine utakupita kwa kuwa umejengwa juu ya neno lenye maana mbili. Usikwame hapo, endelea. Hadithi za kipelelezi zina mvuto wa kukufanya urudi kesho, na mvuto ni jambo la maana sana, ila utajifunza "warrant" na "alibi" kabla ya kujua namna ya kumwambia jirani apunguze sauti ya redio.

Taarifa ya habari ni nzuri kwa mwenye msamiati mpana. Msomaji anasoma maandishi yaliyoandikwa kwa lugha rasmi, tena haraka, na habari ileile ikirudiwa mchana kutwa unapata marudio ya bure. Mahojiano ni bora zaidi kwa aliyekomaa, maana humo watu wanajikwaa, wanaanza sentensi na kuiacha, wanasema "you know" kila baada ya pumzi mbili. Hivyo ndivyo watu huzungumza.

Filamu za enzi za kale na zile za sayari za mbali ziweke kando mwaka wa kwanza. Moja ina maneno yaliyokufa, nyingine ina maneno ambayo hayajazaliwa.

Manukuu: hapa ndipo wengi tunapotea

Hili ndilo jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na naomba ulisome polepole.

Manukuu ya Kiswahili kwenye filamu ya Kiingereza yanakupa raha mara moja. Unaelewa kila kitu. Lakini jichunguze siku moja: macho yanakwenda chini ya kioo yenyewe, hata usipotaka. Ukishasoma maana, akili haina sababu ya kuhangaika na sauti, nayo inaigeuza kuwa kelele ya nyuma kama mvua. Halafu tafsiri yenyewe si ya neno kwa neno. Mstari wa manukuu hubeba takriban herufi 42, mistari ni miwili, na haukai kwenye kioo zaidi ya sekunde saba hivi. Mfasiri analazimika kukata. Mhusika anasema "I'm not saying it's your fault, I'm just saying you could have called", nawe chini unasoma: "Ungepiga simu." Maana imefika. Kiingereza chote kimebaki angani.

Manukuu ya Kiingereza juu ya sauti ya Kiingereza ni habari nyingine. Sasa jicho na sikio vinapokea kitu kimoja. Unasikia mngurumo usioeleweka, unaona umeandikwa "should have been", na mara ya pili mngurumo ule unageuka kuwa maneno matatu. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 Holger Mitterer na James McQueen waliwatazamisha Waholanzi dakika 25 za Kiingereza chenye lafudhi ngumu, ya Uskoti au ya Australia. Wengine walikuwa na manukuu ya Kiingereza, wengine ya Kiholanzi, wengine hawakuwa nayo. Baadaye waliwasikilizisha vipande vya maneno na kuwataka warudie walichosikia. Waliotazama na manukuu ya Kiingereza walipata nafuu hata kwa sentensi ambazo hawakuwahi kuzisikia. Manukuu ya Kiholanzi yaliwasaidia kwa sentensi walizokwisha kuzisikia tu, na kwa sentensi mpya yaliwarudisha nyuma. Lugha ya nyumbani iliwapa maana na kuwanyima sauti. Nilipoyasoma matokeo hayo nilikumbuka ile simu yangu.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, hakikisha filamu ilitengenezwa kwa Kiingereza tangu mwanzo. Filamu ya Kikorea au ya Kihispania iliyotiwa sauti ya Kiingereza mara nyingi ina manukuu yaliyotafsiriwa kivyake, kwa hiyo mdomo unasema hivi na maandishi yanasema vile. Midomo pia haiendi na sauti, na midomo ni mwalimu. Ya pili, manukuu yanayotengenezwa na kompyuta yenyewe hukosea, hasa majina na lafudhi. Ukiweza kuchagua, chukua yale yaliyoandaliwa kwa ajili ya viziwi, yanayoonyeshwa kwa herufi CC. Hayo hufuata maneno yaliyosemwa kwa karibu zaidi, na huandika hata sauti zisizo maneno: "sighs" mtu anaposhusha pumzi, "scoffs" anapoguna kwa dharau, "door creaks" mlango unapolia. Marekani ilianza kuyarusha rasmi kwenye televisheni mwaka 1980 kwa watu wasiosikia. Sisi tunaojifunza lugha tumefaidika na kazi iliyofanywa kwa ajili yao.

Na bila manukuu kabisa? Ni mtihani mzuri, lakini haufundishi kama huna msingi. Kuyazima siku ya kwanza kwa ushujaa humchosha mtu akaacha kabisa ndani ya wiki mbili. Ninavyofanya ni kutazama kwanza na manukuu ya Kiingereza, kisha kurudia kipande kifupi nikiwa nimeyazima. Kutazama kwa manukuu ya lugha mbili pamoja, kama baadhi ya programu zinavyoruhusu, sikupendekezi isipokuwa kwa kuhakikisha jambo moja. Macho yatakimbilia lugha ya nyumbani, hayana subira.

Sekunde kumi na tano kwa karibu

Nieleze ninachomaanisha kwa kipande kifupi. Chukulia onyesho hili, la kawaida kabisa: dada anamfungulia kaka mlango, hana uso wa kucheka.

"You should have told me."
"I was going to."
"When?"
"I don't know. Soon."

Mara ya kwanza sikiliza bila kutazama maandishi, uandike ulichosikia kwa herufi za Kiswahili. Utapata kitu kama "yushudatolmi". Usione haya, masikio yako yamefanya kazi yao vizuri. "Have" imepungua hadi kuwa "a" tu, na "d" ya "told" imemezwa na "m" inayofuata. Ukifungua manukuu unaona maneno matano pale uliposikia moja. Kiswahili kinatamka kila silabi kikamilifu, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno. Kiingereza kinabana silabi zisizo na mkazo hadi zinakaribia kupotea. Ndiyo maana "comfortable" inasikika "kamftabo" na wewe ulikuwa unaisubiri yenye silabi nne zilizonyooka.

Sasa mstari wa pili. "I was going to." Umeishia hapo, kitenzi hakipo. Kiswahili kingesema "nilikuwa nataka kukwambia", kwa sababu kwetu sentensi isiyomalizika inaning'inia. Kiingereza kinaona "told" imeshatajwa, kinaiacha. Sikumbuki kitabu cha sarufi kilichonionyesha jambo hili kwa namna ya kuingia kichwani. Lilinijia kwa kusikia watu wakijitetea.

Mstari wa mwisho. Sikiliza "I don't know". Pengine hakuna maneno matatu hapo, kuna mlio mmoja kama "adano" unaopanda na kushuka. Mlio huo unasema sijui, na unasema pia naomba tusiendelee na mjadala huu. Sasa rudisha nyuma, useme pamoja na yule kaka, kwa sauti yake na mabega yake. Mara tano. Kumi na tano ukiwa na nafasi. Jirekodi kwa simu, ujisikilize. Utasikia mahali ulipotamka "have" nzima, na utajua kwa nini Kiingereza chako kinasikika kama kinasomwa.

Dakika kumi za kazi hii zinazidi saa mbili za kutazama ukiwa umejilaza. Nasema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyefanya yote mawili.

Lafudhi ya Uingereza au ya Marekani

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, kile kinachofundishwa kwenye kamusi, kina sauti za irabu kama 20. Kwa hiyo "ship" na "sheep", "walk" na "work", "cut", "cat" na "cart" vitakusumbua upande wowote utakaochagua, na dawa ni kusikiliza mengi.

Yako mambo ambayo kila upande unakurahisishia. Mmarekani anatamka "r" kila inapoandikwa, hivyo "car" na "hard" zinafanana na maandishi zaidi. Na "t" yake ya katikati, kwenye "water" au "better", ni pigo moja jepesi la ulimi linalokaribia sana "r" yetu ya "bara" na "mara". Ukiitamka "wara" umefika karibu kuliko unavyodhani. Mwingereza naye, hasa kwenye taarifa za habari, mara nyingi hutamka "t" hiyo waziwazi, jambo linalosaidia wakati wa kuandika ulichosikia, ila ataimeza "r" ya mwisho.

Maneno pia yanapishana: "pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni nguo ya ndani. Na Mwingereza akikuuliza "You all right?" mlangoni, hakuulizi afya yako. Anakusalimu. Jibu ni fupi, "Yeah, you?", na mnaendelea.

Ushauri wangu ni kushika upande mmoja kwa miezi sita hivi, ule wa watu utakaozungumza nao zaidi, kisha uchanganye. Anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, achanganye mapema, kwa sababu sehemu ya kusikiliza ina lafudhi za nchi mbalimbali na kila sauti inachezwa mara moja tu. Huyo pia ajizoeze kutazama kipande bila kurudisha nyuma, hata kikimpita.

Simu au runinga

Simu yenye vipokea sauti vya masikioni inashinda kwa kazi ya kina: unarudisha nyuma sekunde kumi kwa kidole, unasimamisha, unaandika. Runinga inashinda kwa kutazama na wenzako, jambo linalokufanya uendelee siku za uvivu. Kuhusu kupunguza kasi hadi robo tatu, itumie kwa sentensi moja iliyokushinda, kisha uirudishe. Sentensi iliyopunguzwa kasi bado imemezwa vilevile, imevutwa tu, nawe ukizoea kasi hiyo watu halisi watakuwa wanakukimbia.

Kioo au mwalimu

Filamu haikuulizi swali. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na hakuna namna ya kuufunika. Mwalimu au rafiki anayekijua Kiingereza anakusahihisha, anakusubiri umalize sentensi, anakulazimisha uchague kitenzi. Kwa upande mwingine, mwalimu darasani hupunguza kasi bila kujua, hutamka kila herufi, na hazungumzi kama watu wanavyogombana jikoni. Anayesoma kwa mwalimu pekee huelewa mwalimu wake. Anayejifunza kwa filamu pekee huelewa wengi na kujibu wachache.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja kwa mtu asiyejua lolote, nitamchagulia mwalimu. Kwa aliyemaliza shule na Kiingereza cha kuandika kinachoeleweka lakini masikio mazito, nitamchagulia tamthilia, pamoja na mtu mmoja wa kuzungumza naye mara moja kwa wiki kuhusu sehemu aliyoitazama. Kusimulia kilichotokea, nani alimkosea nani, ni zoezi kamili la wakati uliopita.

Kuna hatari moja ambayo mwalimu huiona na kioo hakikwambii. Filamu imejaa matusi na lugha ya wahuni, na inavutia kuiga. Kabla hujachukua sentensi, angalia nani kamwambia nani. Kijana akimwambia rafiki yake "Gimme that" ni sawa. Ukimwambia hivyo mkuu wako wa kazi umemkosea. Kiswahili kinaweka heshima waziwazi kwa "naomba" na "tafadhali". Kiingereza mara nyingi huificha ndani ya "could you", "would you mind" na "I was wondering if". Sikiliza wahusika wanavyobadilika wanapotoka kwa rafiki na kuingia kwa hakimu, utayaona maneno hayo yakitokea ghafla.

Kwa mwenye nusu saa kwa siku

Wengi hatuna zaidi ya hapo, kwa hiyo niseme ningeigawaje. Dakika 20 za kwanza ni sehemu moja ya tamthilia fupi ya maisha ya nyumbani, manukuu ya Kiingereza yamewashwa, bila kusimamisha na bila kamusi. Unatazama kama mtu anayependa hadithi. Wakati huo unashika kichwani onyesho moja lililokugusa au kukushinda. Dakika kumi zilizobaki unalirudia onyesho hilo peke yake, kwa namna niliyoieleza: sikiliza, andika, linganisha, sema pamoja nao.

Kwenye daftari usiandike neno moja moja. Andika sentensi nzima, na aliyeisema, na alikuwa katika hali gani. "You should have told me, dada, amekasirika kimyakimya." Sentensi tatu kwa siku zinatosha. Orodha ya maneno 40 yenye tafsiri huonekana kama juhudi, lakini sioni inabaki kichwani zaidi ya wiki. Sentensi yenye uso na sauti hurudi yenyewe siku unayoihitaji.

Ikiwa umeshindwa kusikia mstari fulani baada ya majaribio kumi, uache. Uwekee alama. Baada ya sehemu tano au sita urudi kwake, kwa kuwa sauti ya mhusika yule utakuwa umeizoea kama ya jirani, na mara nyingi utausikia mara ya kwanza tu. Na kabla ya kuanza sehemu mpya kesho, cheza tena onyesho la jana, safari hii ukiwa umezima manukuu na umegeuza uso pembeni, usikilize tu.